Kuhifadhi wanyama na kuwahurumia: Muislamu ana wajibu upi?

Na Mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu, Korogwe

SIFA zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola Mlezi wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, maswahaba zake na wote wanaofuata mwongozo wake mpaka Siku ya Kiyama.

Leo tuzungumzie wanyama. Huenda msomaji akasema kuwa Waislamu tuna mambo makubwa zaidi ya kujadili kuliko tumbili na mbwa mwitu. Kwa sisi tunaoishi huku Korogwe, jambo hili si dogo hata kidogo. Upande wa kaskazini tunayo Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Katika milima ya Usambara Mashariki uko msitu wa Nilo, ambao ni Hifadhi ya Mazingira Asilia. Katikati ndipo tulipo sisi, na mahindi yetu, mihogo yetu na ng'ombe wetu wachache. Nyani na tumbili wanaingia shambani mchana, nguruwe mwitu wanafukua usiku, na tembo wakitoka hifadhini ekari nzima inaisha kabla ya adhana ya Alfajiri.

Kwa hiyo vijana madarasani wanauliza swali ambalo kitabu cha kiada hakilijibu moja kwa moja: Je, dini inatutaka tuwahifadhi wanyama hawa, tuwahurumie, au tujilinde nao? Jibu ni kwamba inatutaka tufanya yote matatu, kila moja kwa mahali pake. Tatizo linaanza pale moja linapofanywa kisingizio cha kuliacha jingine. Hilo ndilo tunalotaka kulieleza katika makala hii, Insha Allah.

Mambo mawili yanayochanganywa

Watu wengi wakisikia "uhifadhi wa wanyamapori" na "ustawi wa wanyama" hudhani ni kitu kimoja. Uhifadhi unauliza: je, jamii hii ya mnyama bado ipo, inazaliana, haitatoweka? Kwa hiyo mhifadhi anahesabu. Akikuta kuwa tembo wa Tanzania walikuwa 109,051 mwaka 2009 na wakabaki 43,330 mwaka 2014, anajua kuwa nchi ina msiba. Ustawi unauliza swali jingine: huyu mnyama mmoja aliye mbele yangu, ana njaa? Ana kiu? Ana maumivu au hofu isiyo ya lazima? Hapo hesabu haina nafasi. Hata kama mbuzi ni wengi kiasi gani duniani, kumbebesha mbuzi mmoja kichwa chini miguu juu kwenye baiskeli kutoka Mombo ni dhuluma.

Hata sheria za nchi zimeyatenga mambo haya. Iko Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008, ambayo inaangukia kwa watu wa mifugo. Iko pia Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, ambayo inaangukia kwa watu wa maliasili. Bwana mifugo ana lake, na bwana nyama ana lake.

Mara nyingi mambo haya huenda pamoja. Anayetega tanzi la waya anamtesa mnyama mmoja na papo hapo anaipunguza jamii yake. Lakini kuna wakati yanagongana. Tuangalie mifano miwili ya hapa hapa nchini.

Mfano wa kwanza ni Mkomazi. Pori hilo lilitengwa kuwa pori la akiba mwaka 1951 na likawa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Faru weusi walikuwa wamemalizwa humo na majangili ilipofika miaka ya 1980. Kuanzia mwaka 1997 wakaletwa faru wengine kutoka Afrika Kusini ili jamii hiyo irudi. Kwa upande wa mbwa mwitu, mwaka 1995 walichukuliwa watoto wa mbwa mwitu kutoka Nyika ya Wamasai, ambako walikuwa hatarini kuuawa, wakaanza kuzalishwa ndani ya uzio. Lengo lilikuwa jema, kwa sababu mbwa mwitu ni katika wanyama walao nyama walio hatarini zaidi kutoweka Afrika. Lakini Desemba 2000 uliingia ugonjwa wa virusi wa mbwa uitwao distempa. Katika muda wa miezi miwili walikufa mbwa mwitu 49 kati ya 52, ingawa walikuwa wamechanjwa. Mradi haukufa. Uliendelea, na baadaye makundi kadhaa yakaachiwa porini. Hata hivyo funzo limebaki: uzio unaookoa jamii ya mnyama unaweza pia kumnyima mnyama mmoja mmoja njia ya kukimbia.

Mfano wa pili ni biashara ya wanyama hai. Novemba 2010 wanyama zaidi ya 100 wakiwemo twiga wanne walitoroshwa kwa ndege kupitia Uwanja wa Kilimanjaro kwenda Qatar. Mwaka 2016, baada ya tumbili 61 kukamatwa katika uwanja huo huo wakiwa njiani kwenda Albania, Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai. Kwa upande wa uhifadhi uamuzi huo ulikuwa sahihi. Lakini wanyama waliokwisha kukamatwa wakabaki kwenye mabanda ya wafanyabiashara mwaka baada ya mwaka. Juni 2022 ikatangazwa ruhusa ya muda ya kuwaondoa wanyama hao waliobaki, wananchi wakapiga kelele, na tangazo hilo likasitishwa. Waliopiga kelele walikuwa na hoja, kwa sababu waliogopa mlango wa wizi kufunguliwa tena. Ila ni wachache waliouliza juu ya kile kiumbe kilichokaa ndani ya kizimba miaka sita. Jamii ililindwa, na mmoja mmoja akasahauliwa.

Umma na nafsi moja

Sasa turejee kwenye Qur'an na Sunna. Tukisoma kwa mazingatio tutaona kuwa Uislamu umeyataja yote mawili, na umeyatenganisha kwa uwazi.

Kuhusu jamii, Allah (s.w.) anatufahamisha katika Suratul An'aam (6:38) kwamba kila mnyama atembeaye ardhini na kila ndege arukaye ni umma kama sisi tulivyo umma. Na Nabii Nuhu (a.s.) alipoamrishwa kupakia jahazini (11:40), hakuambiwa achukue wanyama wenye faida kwake tu. Aliamrishwa achukue dume na jike wa kila aina. Huo ni uhifadhi wa jamii kabla haujaandikwa katika sheria ya nchi yoyote.

Zaidi ya hapo iko hadithi aliyoisimulia Abdullah bin Mughaffal (r.a.), iliyopokelewa na Abu Daud na Tirmidhi. Mtume (s.a.w.) alieleza humo kuwa lau mbwa wasingekuwa umma miongoni mwa umma mbalimbali, angeamrisha wauawe wote. Tuizingatie vizuri. Anayezungumziwa ni mbwa, mnyama ambaye jamii yetu inamdharau na ambaye fiqh imeweka masharti juu ya kugusana naye. Pamoja na hayo, kufutwa kwa jamii yake yote duniani kumezuiwa kwa sababu moja tu, kwamba nayo ni umma. Kama hoja hiyo inamkinga mbwa, basi inamkinga mbwa mwitu, fisi, na hata kinyonga wa Usambara ambaye watu wanamuogopa bure.

Kuhusu nafsi moja, hadithi ni nyingi na zinajulikana. Mwanamke aliyemfungia paka mpaka akafa kwa njaa aliingia motoni kwa sababu yake, kama alivyosimulia Ibn Umar (r.a.) katika Bukhari na Muslim. Paka hakuwa mnyama wa kutoweka. Alikuwa mmoja tu, lakini aliyemfungia aliulizwa juu yake, kwa sababu hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Kinyume chake, mtu aliyeteremka kisimani akamchotea maji mbwa mwenye kiu alisamehewa madhambi yake. Ibn Mas'ud (r.a.) naye amesimulia katika Abu Daud kuwa maswahaba walichukua makinda ya ndege, mama yao akawa anarukaruka kwa uchungu, na Mtume (s.a.w.) akaamuru arudishiwe wanawe.

Kutokana na hadithi ya paka tunapata kanuni ambayo kila mwenye zizi, banda au hifadhi anapaswa kuijua: anayemfungia kiumbe amebeba dhamana ya chakula chake, maji yake na afya yake. Nia njema ya kuokoa jamii haimwondolei dhamana hiyo.

Yote mawili, umma na nafsi, yamekutana katika hadithi moja ya Abu Huraira (r.a.) iliyomo katika Bukhari na Muslim. Nabii mmoja wa zamani aliumwa na sisimizi, akaamuru kichuguu chote kichomwe moto. Allah (s.w.) akamlaumu: kwa kuumwa na sisimizi mmoja ameangamiza umma mzima unaomsabihi Mola wake. Yaani aliyeudhi alikuwa mmoja, na walioadhibiwa ni wote. Hadithi hii inatuleta moja kwa moja mashambani kwetu.

Tanzi na sumu

Huku kwetu mkulima aliyechoshwa na wanyama ana vishawishi viwili, waya na sumu.

Tuanze na sumu. Mtu anachanganya dawa ya wadudu na pumba au ndizi, anaiacha mpakani mwa shamba ili imuue nyani. Lakini sumu haichagui. Anakula nyani, anakula kanga, anakula mbwa wa jirani, na tumbusi anayeshukia mizoga naye anakufa. Mwaka 2018, katika eneo la Ruaha, simba sita waliuawa kwa sumu, na tumbusi zaidi ya 70 wakafa pamoja nao. Tumbusi hawakula ng'ombe wa mtu. Kazi yao ni kusafisha nchi ili maradhi yasienee. Hiki ni kile kichuguu kilichochomwa kwa kosa la sisimizi mmoja. Na ikumbukwe kuwa sumu hiyo hiyo inaweza kusombwa na mvua mpaka kwenye kidimbwi wanachochota maji watoto wetu.

Ama waya, hapa kuna jambo ambalo Muislamu analiona jepesi na si jepesi. Allah (s.w.) ametaja katika Suratul Maida (5:3) vyakula vilivyoharamishwa, na miongoni mwavyo ni mzoga na mnyama aliyekufa kwa kunyongeka. Tanzi la waya linamkaba paa au digidigi shingoni, au linamkata mguu akae pale siku mbili mpaka afe. Mtegaji akija anakuta kimekufa. Nyama hiyo ni haramu, hata ikikaushwa vizuri namna gani na hata muuzaji akiwa na jina la Kiislamu. Akikutwa yu hai akachinjwa kisheria, hapo ni suala jingine kwa upande wa uhalali wa nyama. Lakini anayenunua kitoweo cha porini kinachopitishwa mlangoni jioni ndani ya mfuko hana njia ya kujua. Kwa hiyo tusiseme tu kwamba tunaogopa bwana nyama. Tuogope kuwalisha wanetu mzoga.

Je, kuwinda ni haramu? Hapana. Qur'an imeruhusu (5:4), na Mtume (s.a.w.) ameruhusu pia kuua wanyama wenye kudhuru, hata kwa aliye katika ihram. Lakini kuwinda kuna adabu zake: kuwe na haja, mnyama asifanywe shabaha ya mchezo, na kuua kuwe kwa wema, bila kurefusha mateso. Na pale mamlaka inapoweka kibali kwa maslahi ya wote, kukifuata ni sehemu ya utii ulioamrishwa katika Suratun Nisaa (4:59).

Na mkulima je?

Hapa ndipo wengi wanaposema: mwalimu, umetetea nyani na tumbusi, nani anatutetea sisi? Swali hili ni la haki, na dini imelijibu.

Katika Suratul Anbiyaa (21:78-79) imetajwa kesi ya shamba lililoliwa usiku na kondoo wa watu, ikahukumiwa na Nabii Daud na Nabii Suleiman (a.s.). Wafasiri wanaeleza kuwa Nabii Suleiman alihukumu mwenye shamba apewe kondoo anufaike na maziwa, sufi na vizazi vyao, huku wenye kondoo wakilitengeneza shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa. Hukumu hiyo haikumwachia mkulima hasara, na mnyama hakuuawa kwa sababu ya njaa yake. Naye Mtume (s.a.w.), katika kesi ya ngamia wa Bara' bin Azib (r.a.) aliyeharibu bustani, alihukumu kuwa mchana mwenye shamba alilinde, na usiku mwenye mnyama amzuie.

Ni kweli kuwa tembo hana mwenyewe kama kondoo alivyo na mwenyewe. Lakini sheria yetu ya 2009 inasema wanyamapori ni mali ya umma na wako chini ya Rais kwa niaba ya wananchi. Basi ni halali kuuliza: aliyejitwalia udhamini, usiku tembo wakitoka, dhamana yake iko wapi? Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi cha shilingi 1,000,000 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama hatari, na shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpakani halikustahili kitu. Majina yenyewe yanaonesha kuwa hiyo haikukusudiwa kuwa fidia. Wanasheria na maulamaa wetu wanayo kazi ya kulitazama jambo hili kwa mwanga wa ile hukumu ya Suleiman (a.s.), ambapo aliyeharibikiwa alinufaika na wanyama wale wale waliomharibia.

Aidha, uhifadhi katika Uislamu haukuwa wa kumfukuza maskini. Mtume (s.a.w.) aliifanya Madina kuwa eneo lisilowindwa, na aliweka hima, yaani malisho yaliyotengwa. Sayyidna Umar (r.a.) naye aliweka hima, na maagizo yake kwa msimamizi aliyeitwa Hunayy yamehifadhiwa na Bukhari. Alimtaka aogope dua ya aliyedhulumiwa, amruhusu mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na awe macho na mifugo ya matajiri kama Abdurahman bin Auf na Uthman bin Affan (r.a.). Sababu yake ni kwamba tajiri mifugo yake ikifa anarudi kwenye mitende na mashamba yake, lakini maskini akiangamiza mifugo yake atakuja na watoto wake kulia mlangoni kwa kiongozi. Sisi tuliona kinyume chake pale wafugaji wa Mkomazi walipoondolewa mwishoni mwa miaka ya 1980, na kesi yao ikafika mpaka Mahakama ya Rufani. Pori linalolindwa kwa machozi ya mnyonge litamfanya mtoto wake akue akimchukia tembo, na mtu anayemchukia tembo haoni vibaya kumtilia sumu.

Tufanye nini?

Kwanza, tujilinde bila kutesa. Ng'ambo ya mpaka wa Mkomazi, huko Sagalla katika nchi ya Taita nchini Kenya, wakulima wamezungusha mashamba yao kwa mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya. Tembo akigusa waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, naye anageuka. Mkulima anabaki na mahindi na anapata asali. Kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu nazo zimetumika sehemu nyingi. Kulinda kwa zamu kikundi kizima ni bora kuliko kila mtu na sumu yake.

Pili, madai ya uharibifu yaandikwe mapema kupitia serikali ya kijiji. Anayenyamaza hana haki ya kulalamika kuwa hakusikilizwa.

Tatu, maimamu wayaseme haya mimbarini. Kule Pemba, katika kisiwa cha Misali kilichotengwa kuwa hifadhi mwaka 1998, wavuvi walifundishwa uhifadhi kwa aya na hadithi, na masheikh wakashirikishwa. Khutba moja juu ya tanzi na mzoga inaweza kufanya kazi ambayo bango la hifadhi haliwezi.

Nne, tuanze na wanyama wa nyumbani. Mtoto anayempiga punda aliyelemewa na mzigo, na mzazi akicheka, hatutarajii akikua amwonee huruma paa aliyenaswa. Mtume (s.a.w.) alipomuona ngamia akitokwa na machozi alimwita mwenyewe na kumuonya juu ya njaa na kazi nyingi alizombebesha, kama ilivyo katika Abu Daud.

Ndugu Muislamu, mahindi yetu ni rizki, na kuyalinda ni haki yetu. Lakini rizki ya nyani pia iko juu ya Allah (11:6), na tutaulizwa tulivyojilinda kama tutakavyoulizwa tulivyokula. Tumuombe Allah (s.w.) atujaalie kuwa walinzi waadilifu wa ardhi hii, awape wenye mamlaka huruma kwa watu na kwa wanyama, na atukinge na dua ya aliyedhulumiwa, awe binadamu au mnyama asiyeweza kusema.

Wallahu a'lam.